Uhuru Iliyoruka Kutoka Ngomeni

Tarehe 12 Desemba 1970 Wakenya walikuwa wakiadhimisha miaka 7 ya Uhuru. Siku hiyohiyo, baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitaliano walirusha roketi ya Kimarekani kutoka jukwaa la chuma liitwalo San Marco. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya NASA, shirika la anga la Marekani. Kwenye makaratasi iliitwa SAS-A. Iliporuka ikapewa jina la Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji.

Ngomeni ilifaa kwa kuwa iko karibu na ikweta. Huko mzunguko wa dunia huisukuma roketi, na mbele yake upande wa mashariki ni bahari tupu.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kupokea mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Hewa huizuia mionzi hiyo isitufikie, nasi tushukuru. Lakini anayetaka kuichunguza hana budi kupanda juu ya hewa. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake waligundua chanzo cha kwanza nje ya jua na sayari zake, kwa roketi ndogo iliyokaa juu dakika chache tu. Uhuru ilifanya kazi zaidi ya miaka 2, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339.

Kimoja, Centaurus X-3, kilidunda kama moyo kila sekunde 4.8, na kila baada ya siku 2.1 kikafichika nyuma ya nyota kubwa. Kumbe ni nyota ndogo, nzito ajabu, inayoizunguka nyenzake na kuinyonya gesi. Kingine, Cygnus X-1, kilimeta ovyo. Polepole wataalamu wakakubali kwamba pale pana shimo jeusi, na kwamba eksirei zinatoka kwenye gesi inayopata joto kali kabla ya kumezwa.

Haya sikufundishwa shuleni. Nilikuwa mtu mzima nilipolikuta neno letu katika kitabu cha elimu ya nyota, likiwa peke yake kati ya maneno ya kigeni, nami nikaona fahari na uchungu kwa pamoja. Jina lilikuwa letu. Chombo, hesabu na Tuzo ya Nobel aliyopata Giacconi mwaka 2002 vilikuwa vya wengine.

San Marco ilirusha roketi yake ya mwisho mwaka 1988. Taifa-1, setilaiti ya Kenya ya kuchunguza ardhi, iliruka Aprili 2023, kutoka California.