Wimbo mmoja, pande mbili za santuri

Leo tuweke programu kando tuongee santuri. Ukiokota santuri ndogo ya Nairobi ya miaka ya 1970, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, mara nyingi utakuta wimbo mmoja umepasuliwa: nusu upande huu, nusu upande wa pili. Kisa?

Tuanze na watu. Nairobi ilikuwa na studio, kiwanda cha santuri na vilabu vya usiku, kwa hivyo wanamuziki wa Kongo (enzi hizo Zaire) wakaifuata. Super Mazembe walifika 1974. Mwaka 1976 baadhi ya vijana wa Baba Gaston walijitoa wakaunda Les Mangelepa. Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi, alipitia Uganda akaingia Nairobi 1977.

Jukwaani wimbo wao ulianza polepole kwa kuimba, kisha sebene: magitaa yanashika kasi na watu wanacheza mpaka wachoke. Lakini santuri ya inchi 7 hubeba dakika kama nne au tano tu kila upande. Ukilazimisha zaidi, mifereji inabanana na sauti inafifia. Basi wimbo ukakatwa, na mara nyingi sebene ikaangukia upande wa pili. Sisi wa tarakilishi tunaijua adha hiyo, faili kubwa kuliko diski! Tofauti ni kwamba hapa mkato ulizoeleka: aliyegeuza santuri alikuwa anawaita watu wainuke wacheze.

Halafu ikaja kaseti, ambayo Philips waliitoa 1963. Napenda kila kinachonakilika, lakini hapa naona uchungu. Kufikia miaka ya 1980 mtu yeyote mwenye redio ya kaseti mbili aliweza kurudufu albamu nzima sebuleni, na msanii asione hata senti. Miaka hiyo hiyo serikali ya Kenya ilibana vibali vya kazi vya wanamuziki wa kigeni, bendi zikatawanyika. Nakala za kaseti ziliendelea kupanda matatu bila kuulizwa kibali na yeyote.

Mwaka 2024 "Kasongo" ya Super Mazembe, ambamo mke anamsihi mumewe arudi nyumbani, iliibuka upya mtandaoni, Wakenya wakaligeuza jina hilo kuwa lakabu ya Rais William Ruto. Wengi wa walioicheza hawajui Kilingala, wala hawajawahi kugeuza santuri.