Kutoka Mkono wa Mwandishi hadi Mkanda wa Kigasha: Historia ya Tiba ya Kiwiko cha Tenisi, 1873–2004

1.0 Utangulizi

Kiwiko cha tenisi ni maumivu ya upande wa nje wa kiwiko, mahali ambapo kano za misuli inayoinua kifundo cha mkono hushikamana na mfupa wa juu wa mkono. Maumivu hayo huzidi mgonjwa anapoinua birika, anapozungusha kitasa au anapokamua nguo. Licha ya jina lake, wengi wa wanaougua hawachezi tenisi. Aghalabu ni watu wa makamo ambao kazi zao hudai kushika na kukunja mkono mara kwa mara, kama vile maseremala, wapishi na mafundi bomba. Makala haya yanachunguza namna tiba ya maradhi haya ilivyobadilika, na hasa nafasi ya mkanda unaofungwa kwenye kigasha. Hoja kuu ni kwamba mkanda ulianza kutumika wakati kiini cha ugonjwa kingali kinabishaniwa, na umedumu hata baada ya nadharia kugeuka kwa kuwa dai lake la msingi lilikuwa dogo: kupunguza mzigo, si kuponya. Mpaka huo unaposahauliwa, mkanda huchaguliwa kwa matumaini ambayo hauwezi kuyatimiza.

2.0 Jina na Kilichofichwa na Jina

Maelezo ya kwanza ya kitabibu yanayotajwa mara nyingi ni ya mwaka 1873, pale daktari Mjerumani aitwaye Runge alipoyahusisha maumivu ya sehemu hiyo na kazi ya kuandika. Kwa hiyo, ugonjwa uliingia katika maandishi ya tiba kama maradhi ya kazi. Mwaka uliofuata, Walter Clopton Wingfield alipata hataza ya mchezo wa tenisi ya nyasi nchini Uingereza, na mwaka 1877 mashindano ya kwanza ya Wimbledon yakafanyika. Mchezo ulipoenea miongoni mwa watu wenye nafasi, madaktari wao walianza kuona viwiko vyenye maumivu. Henry Morris, daktari mpasuaji wa London, aliutaja mkono wa tenisi katika jarida la The Lancet mwaka 1882, na mwaka 1883 H. P. Major aliandika juu ya kiwiko cha tenisi katika British Medical Journal.

Jina hilo lilishika mizizi, na athari yake haikuwa ndogo. Maradhi yaliyoelezwa kwanza kwa mkono wa mwandishi yalianza kujulikana kwa mkono wa mchezaji. Mchezaji aliyeumia aliweza kuweka raketi chini hadi apone. Mtu aliyepata riziki kwa nyundo au kalamu hakuwa na hiari hiyo. Tofauti hii ndiyo iliyokuja kuupa mkanda umuhimu wake, kwani ni kifaa kinachomlenga hasa mtu asiyeweza kuacha kuutumia mkono.

3.0 Mabishano Kuhusu Kiini cha Ugonjwa

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, madaktari hawakukubaliana kuhusu kinachouma. Mwaka 1922 Robert Osgood alielekeza lawama kwenye kifuko cha majimaji kilicho karibu na kiungo. Mwaka 1928 G. P. Mills alipendekeza kukinyoosha kiwiko kwa nguvu huku kifundo kikiwa kimekunjwa. James Cyriax, katika makala yake ya mwaka 1936, alipitia nadharia nyingi zilizokuwapo na kutilia mkazo mchaniko kwenye chanzo cha misuli. Kuanzia miaka ya 1950, dawa za steroidi zilipatikana na sindano ikawa tiba maarufu, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba tatizo ni uvimbe, na steroidi hutuliza uvimbe.

Dhana hiyo ilidhoofika pale vipande vya kano vilivyoondolewa kwa upasuaji vilipotazamwa kwa hadubini. Mwaka 1979 Robert Nirschl na Frank Pettrone walieleza kwamba walichokikuta kwenye chanzo cha msuli mmoja mfupi wa kigasha ni tishu changa zisizopangika pamoja na vishipa vipya vya damu. Kano ilionekana kuchakaa na kushindwa kujijenga upya, wala haikuonyesha dalili za uvimbe wa kawaida. Ripoti hiyo pia ilionyesha kwamba, kati ya wagonjwa 1,213 waliohudumiwa, ni viwiko 88 tu vilivyofanyiwa upasuaji.

4.0 Kuzuka kwa Mkanda

Mkanda ulitangulia matokeo hayo. Mwaka 1966 Ilfeld na Field waliripoti matumizi ya kifaa maalumu cha kushikilia kiwiko, na mwaka 1971 Froimson alieleza mkanda wa kuzungusha kwenye kigasha. Nirschl naye aliendeleza mkanda mpana usiovutika, uliokatwa kwa kufuata umbo la kigasha, ambacho ni kinene juu na chembamba chini. Mantiki ya mikanda hii ni ya kimakanika: msuli ukibanwa hautanuki kikamilifu unapokaza, hivyo nguvu inayofika kwenye kano iliyoumia hupungua.

Mantiki hii inaeleza vigezo vya kuchagua na kuvaa mkanda. Mkanda hukaa juu ya mnofu wa msuli, takriban sentimita 2 hadi 3 chini ya kifundo cha mfupa kinachouma, na si juu ya mfupa wenyewe. Kitambaa kisichovutika hutekeleza kazi hiyo vyema kuliko soksi ya kiwiko, ambayo hutoa joto zaidi ya kupunguza mzigo. Mkanda hukazwa kiasi cha kuhisiwa mkono unapofanya kazi, na hulegezwa mkono unapopumzika. Ganzi vidoleni ni ishara kwamba umebana kupita kiasi. Kiwiko kilichovimba ghafla, kilichoumia kwa kuanguka au kisichonyooka si cha kufungwa mkanda bali cha kupelekwa kwa daktari.

5.0 Mizani ya Ushahidi

Mwanzoni mwa karne ya 21, watafiti wa Uholanzi walizipima tiba hizi kwa majaribio ya nasibu. Katika utafiti wa Smidt na wenzake wa mwaka 2002, uliohusisha wagonjwa 185, sindano ya steroidi ilifaulu kwa asilimia 92 baada ya wiki 6. Baada ya wiki 52, hata hivyo, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 69, ilhali fiziotherapia ilifikia asilimia 91 na kusubiri kwa ushauri asilimia 83. Nafuu ya haraka haikuwa kipimo cha kupona.

Mwaka 2004 Struijs na wenzake waliwalinganisha wagonjwa 180 waliopewa mkanda, fiziotherapia au vyote viwili. Katika wiki 6 za mwanzo fiziotherapia ilipunguza maumivu zaidi, lakini mkanda uliwasaidia zaidi wagonjwa kutekeleza shughuli za kila siku. Baada ya wiki 26 na 52, hapakuwa na tofauti ya maana.

6.0 Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba mkanda haukushinda kwa kuwa bora kuliko tiba nyingine zote. Ulidumu kwa kuwa ulimwezesha mgonjwa kuendelea na kazi wakati kano ikijijenga kwa muda wake na kwa mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua. Jina la ugonjwa liliwasahau wafanyakazi. Kifaa, kwa unyenyekevu wake, kimewafaa wao kwanza.