Bendera Nyekundu ya Mamboya

Rafiki yangu mmoja wa Morogoro, Mhindu muuza vitambaa, alirudi mwaka juzi kutoka kuhiji Dwarka. Alinionyesha picha kwenye simu: mji wa kale ukingoni mwa bahari kule Gujarat, hekalu la Krishna la orofa tano lililosimama juu ya nguzo 72, na kileleni bendera kubwa inayobadilishwa mara kadhaa kila siku. Familia husubiri zamu yao muda mrefu ili bendera yao ipandishwe. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mwalimu, nyinyi Wakaguru mna mji gani wa kwenda kuzuru?"

Nikamjibu Mamboya. Hakuwahi kuusikia. Kijana mmoja wa Kilosa aliyekuwa akipimiwa kitambaa cha suruali, msomi wa historia mpaka kidato cha sita, naye hakuwahi kuusikia. Hapo ndipo niliposhikwa na hasira, kwani ukoo wa mama yangu unatoka milima ile, na kwetu mtu ni wa kwa mama yake.

Ukoo upi ulitangulia kufika Ukaguru, na kutoka wapi, sitaligusa. Mwanaanthropolojia Mmarekani Beidelman alikaa kwetu mwishoni mwa miaka ya 1950 akayachambua hayo katika vitabu vizima, na wazee bado wanabishana naye. Mimi nina neno juu ya miaka mitano tu, 1880 hadi 1885.

Njia ya misafara kutoka Saadani kwenda Mpwapwa ilipita Mamboya. Wapagazi wakitoka bara na pembe za ndovu walipumzika pale, kwenye maji na chakula, kabla ya kuteremkia nyanda za pwani. Kufikia mwaka 1880 wamisionari Waingereza wa shirika la CMS walikuwa wamejenga kituo hapo. Mmoja wao, J. T. Last, alikusanya maneno ya Kikaguru na mwaka 1886 ikachapishwa sarufi yake. Mkewe Annie hakuiona sarufi hiyo, alifia kwetu.

Karibu na wamisionari hao, mwanzoni mwa miaka ya 1880, Sultani Barghash wa Zanzibar aliweka askari wake. Kazi hiyo aliiongoza Lloyd Mathews, afisa Mwingereza aliyekuwa akimfunzia jeshi tangu 1877. Bendera nyekundu ya Sultani, ile tuliyozoea kuiona kwenye picha za Forodhani, ikapepea juu ya mahindi ya Wakaguru.

Kwa nini Sultani atie ngome mbali hivyo na bahari? Waingereza husema ni kwa ajili ya kukomesha misafara ya watumwa, ambayo Barghash aliipiga marufuku mwaka 1876. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili iko forodhani. Ushuru wa pembe ulitofautiana kulingana na nchi ilikotoka, na forodha yenyewe ilikodishwa kwa wafanyabiashara. Kwa miaka mingi katika karne hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, Wabhatia wa Kutch, waumini wa Krishna ambao Dwarka ni mji wao mtukufu. Rafiki yangu alipigwa na butwaa nilipomweleza. Pembe iliyopita Mamboya begani mwa Mnyamwezi iliishia kwenye mizani na daftari la karani wa Kutch. Anayekodisha forodha hupenda njia iwe salama mpaka bara.

Sasa tufike Msowero, kusini ya Mamboya, wilaya hiihii ya Kilosa. Kila Mtanzania aliyesoma anamjua Chifu Mangungo. Tarehe 29 Novemba 1884 alitia alama kwenye karatasi ya Mjerumani Carl Peters iliyomkabidhi nchi, na hadi leo mtu akisaini mkataba mbovu, bungeni au kijiweni, anaitwa Mangungo. Tumemcheka miaka zaidi ya 100. Peters alizunguka wiki chache tu, akarudi pwani na mikataba kumi na kitu, na tarehe 27 Februari 1885 Kaiser Wilhelm wa Kwanza akatoa hati ya ulinzi juu ya Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami.

Kinachonichekesha mimi ni karatasi nyingine. Siku zilezile za Novemba, Peters alimfanya Salim bin Hamid, mwakilishi wa Sultani katika Nguru, aandikishe kwamba Sultani hana mamlaka yoyote huko Nguru wala Usagara. Mwakilishi wa Sultani! Kama bwana wake hakuwa na lolote huko, yeye alikuwa akimwakilisha nani, na kwa nini? Vitabu vingi huipita hati hii kana kwamba ni ushahidi. Mimi naiona inajikanusha yenyewe.

Barghash alimjibu Kaiser kwa simu ya maandishi mwezi Aprili 1885. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba ana vituo vya askari katika nchi hizo. Hapo ndipo Mamboya, kimojawapo cha vituo hivyo, ilipokuwa hoja ya kimataifa kwa miezi michache. Akaongeza kwamba nchi hizo ni zake tangu enzi za baba zake, na hapo alitia chumvi, maana ngome ilikuwa na umri wa miaka michache tu. Mwezi Agosti manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, naye akakubali. Mwaka 1886 mataifa makubwa yakamwachia ukanda wa pwani wa maili 10. Mamboya ilibaki nje, mbali sana.

Wote hao waligombea ardhi ambayo kwa mila zetu ni ya koo za akina mama. Mangungo hakuwa na uwezo wa kuiuza, Salim hakuwa na uwezo wa kuikana, na Barghash hakuwa na uwezo wa kuirithi. Wa kuulizwa walikuwa mashambani wakipalilia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Vita vya Bushiri dhidi ya Wajerumani vilifika hadi Mpwapwa mwaka 1889. Reli ikafika Kilosa 1909, misafara ikafa, na Mamboya ikabaki mlimani na kanisa lake. Waingereza wakaja na utawala wa machifu, Nyerere akaufuta 1963.

Nilikwenda Mamboya mwezi uliofuata mazungumzo yale na rafiki yangu. Konda alinishusha barabara kuu akaendelea kupiga kelele za Dodoma, nikapanda bodaboda. Dereva aliniuliza kama natafuta shamba la kununua. Juu nilikuta upepo, mahindi yaliyokaribia kukomaa, na mama aliyenikaribisha uji kabla hajaniuliza jina. Alipolisikia, aliuliza la mama yangu. Hakuna kibao hata kimoja kinachotaja ngome.

Nikampigia picha mlima mzima rafiki yangu, nikamtumia. Akajibu papo hapo: "Bendera ilisimama wapi?" Nikampigia simu, tukaongea mpaka salio likakata, na bado tulikuwa kwa Jairam Shivji.