Kibaba Kimoja kwa Mataifa Mengi

Mtu anunuapo nafaka kwa kibaba ana haki ya kuuliza: ni kibaba cha tele au kibaba cha mfuto? Cha tele hujazwa mpaka nafaka ikafanya kichuguu juu ya ukingo. Cha mfuto hupitishwa kijiti juu yake, na kilichozidi kikarudi guniani mwa mwenye duka. Chombo ni kile kile na jina ni lile lile, walakini mnunuzi mmoja hurudi kwake na chakula kingi kuliko mwenzake. Wawili wakitoka masoko mbalimbali, kila mmoja akajigamba kuwa amepata vibaba kumi, hatuwezi kumjua aliyepata zaidi mpaka tujue kijiti kilipita wapi.

Shida hiyo ya sokoni iliwasumbua kwa miaka mingi wataalamu waliotaka kujua jambo kubwa zaidi: ni nchi zipi ambazo watu wake wanakaribiana kwa mapato, na ni zipi ambazo wachache wana vingi na wengi wana vichache?

Kuhesabu mapato ya nyumba moja moja si jambo geni. Mwaka 1857 Mjerumani Ernst Engel aliyachambua matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji, akaona kuwa kadiri familia ilivyokuwa maskini ndivyo sehemu kubwa ya fedha zake ilivyokwenda kwenye chakula. Mwaka 1899 Seebohm Rowntree, ambaye jamaa zake walikuwa watengenezaji wa kakao na chokoleti huko York, Uingereza, alifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba katika mitaa ya wafanyakazi wa mji huo. Habari za familia 11,560 zilikusanywa, na kitabu chake kilipotoka mwaka 1901 kilionyesha kuwa zaidi ya robo ya wakazi wa York walikuwa katika umaskini. Ilikuwa kazi ya kustahiwa. Lakini ilikuwa ya mji mmoja, na kibaba kilikuwa chake mwenyewe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia nchi nyingi zilifanya uchunguzi wa namna hiyo, kila moja kwa desturi yake. Moja ilihesabu mapato kabla ya kodi, nyingine baada ya kodi. Moja ilihesabu mume, mke na watoto wao tu. Nyingine ilihesabu wote walalao chini ya paa moja na kula chungu kimoja. Mwaka 1976 Malcolm Sawyer aliandika taarifa kwa ajili ya Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, lenye makao yake Paris, akizilinganisha nchi tajiri kwa majedwali kama hayo. Ufaransa ikaonekana kuwa miongoni mwa nchi zenye tofauti kubwa kabisa za mapato, na ubishi mkali ukazuka. Sisemi kwamba Ufaransa ilisingiziwa. Nasema kwamba majedwali yenyewe, kwa kuwa hayakutoka katika kipimo kimoja, hayakuweza kumaliza ubishi. Mshitaki hakuweza kuthibitisha, wala mshitakiwa hakuweza kujitakasa.

Dawa ilianza kutafutwa mwaka 1983 katika Luxembourg, nchi ndogo iliyobanwa kati ya Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Gaston Schaber wa huko, pamoja na Wamarekani wawili, Lee Rainwater na Timothy Smeeding, walianzisha hazina ya takwimu ijulikanayo kwa herufi LIS. Walianza na nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ujerumani ya Magharibi, Sweden, Norway na Israeli. Hawakuomba majedwali yaliyokwisha kupikwa. Waliomba habari za kila kaya zenyewe, zikiwa hazina majina ya watu, ili wapime upya kwa mkono wao. Leo hazina hiyo ina habari za nchi zaidi ya 50.

Na tuone namna upimaji huo ufanywavyo. Chukua familia ya watu wanne yenye shilingi 40,000 kwa mwezi, na mtu aishiye peke yake kwa shilingi 20,000. Ukigawa kwa vichwa, kila mmoja katika familia ana 10,000, nao wataonekana maskini mara mbili kuliko yule mpweke. Lakini wanne hawawashi taa nne wala hawapangi nyumba nne. Kwa hiyo wataalamu wa Luxembourg aghalabu hugawa kwa kipeuo cha pili cha idadi ya watu. Kipeuo cha nne ni mbili. 40,000 ukigawa kwa mbili ni 20,000. Kumbe kaya hizo mbili zinalingana! Mtu anaweza kuubishia uamuzi huo, nami naona watu wa vijijini wangekuwa na mengi ya kusema juu yake; lakini ni uamuzi mmoja kwa nchi zote, nao uko wazi.

Tena kuna chakula kisichonunuliwa. Mkulima wa Kakamega alaye mahindi ya shamba lake hakupokea mshahara kwa mahindi hayo, walakini hakulala njaa. Asipohesabiwa thamani yake, ataonekana hana kitu. Ndiyo maana mavuno yaliwayo nyumbani hutiwa katika mapato.

Kazi hii haina siku ya kukamilika. Nchi hubadili maswali yake, posho mpya huanzishwa, kodi za zamani hufutwa. Kila habari mpya ziingiapo lazima zipangwe zilingane na zilizotangulia. Na mara nyingine mpango wenyewe hurekebishwa, kama ulivyorekebishwa mwaka 2019. Hapo habari za zamani nazo hupangwa upya, maana kumpima baba kwa tele na mwana kwa mfuto ni kosa lile lile la sokoni.

Habari hizo hulindwa sana. Mtafiti haruhusiwi kuzichukua. Huandika maagizo yake, akayatuma kwa kompyuta; mashine ya Luxembourg hufanya hesabu, kisha humrudishia jawabu tu.

Kuhusu mali, yaani nyumba, ardhi na akiba baada ya kutoa madeni, mambo ni magumu zaidi. Hazina ya pili, LWS, ilifunguliwa mwaka 2007 kwa ajili hiyo. Mapato ya mtu huja kila mwezi, lakini mali hukaa kimya, na sehemu kubwa yake imo mikononi mwa watu wachache ambao ni vigumu kuwakuta nyumbani. Marekani hutumia kumbukumbu za kodi ili matajiri wa kutosha watiwe katika uchunguzi wake. Sweden ilikuwa na njia bora kuliko hiyo: kulikuwa na kodi ya mali, na kwa sababu ya kodi hiyo serikali ilijua nani ana nini. Kodi ikafutwa mwaka 2007. Wengi waliijadili kama habari ya fedha tu. Lakini hesabu ya mali iliyotokana nayo ikakoma pamoja nayo, na miaka iliyofuata haikuandikwa tena katika daftari lile.