Bendera ya Ikabodi

Leo tunataka tukumbushane habari ya kale ya upande wetu huu wa Ziwa, maana mtu aliye katika majaribu hudhani yeye ndiye wa kwanza.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alitoka pwani kwenda Uganda kupitia nchi ya Wamasai. Pamoja naye alikuwa Shemasi William Jones, Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kulelewa India. Walipofika Mumias, Askofu alimwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara, akashika njia ya Ziwa na watu wapatao 50. Huko Busoga alikamatwa, akafungwa kama siku nane, naye ana homa. Daftari lake laonyesha kwamba siku ya mwisho Zaburi ya 30 ilimtegemeza. Tarehe 29 Oktoba aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wapagazi wake nao waliuawa, isipokuwa wachache.

Habari zilipomfikia Jones, aliwaongoza waliobaki kurudi Rabai kwa miguu. Wakafika Februari 1886 na bendera ya buluu yenye neno moja: Ikabodi. Ndilo jina ambalo mke wa Finehasi alimpa mtoto wake siku Sanduku la Agano lilipotekwa. Maana yake, utukufu hauko tena.

Je, Jones alipoteza imani? Sivyo. Aliuita msiba kwa jina lake. Lakini bendera ile haikumzuia kuwafikisha watu nyumbani, wala haikumtoa katika utumishi. Mwaka 1895 alipewa ukasisi.

Na Mungu hakuwa amemaliza. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901. Misheni ya Maseno ilianzishwa mwaka 1906. Mwaka 1926 Wajaluo wakapata Agano Jipya katika lugha yao. Kisha mwaka 1955 Festo Olang', mzaliwa wa upande wa Maseno, aliwekwa wakfu kuwa askofu huko Namirembe, Kampala, mahali pale pale ilipozikwa mifupa ya Hannington mwaka 1892. Jones hakuiona siku hiyo.

Ndugu msikilizaji, huenda leo umerudi ufukoni Dunga na nyavu tupu. Huenda mafuriko yamechukua shamba lako kule Kano, au umemzika yule uliyemtegemea. Hatukuambii ufiche bendera yako. Mwonyeshe Mungu, naye aweza kuisoma. Ila usiketi nayo njiani, maana wako watu nyuma yako wanaotaka kufikishwa nyumbani. Enda leo mwendo wa leo.

Na tuombe. Ee Bwana, tunapoona mwisho, tushike mkono tuendelee kutembea, hata kama mavuno yake yataonwa na wajukuu wetu. Amina.