Jua na Nyaya: Telegrafu na Historia ya Dhoruba za Usumaku

Jua haliletei Dunia mwanga na joto tu. Muda wote hutiririsha chembe ndogo zenye chaji ya umeme, na mara kwa mara hulipua mawingu makubwa ya chembe hizo yakiwa yamebeba usumaku. Wingu kama hilo likiifikia Dunia, uga sumaku unaoizunguka sayari huyumba, na kuyumba huko huzalisha umeme ndani ya waya wowote mrefu uliounganishwa na ardhi. Ndiyo maana athari hii ilijificha hadi binadamu alipoanza kutandaza nyaya za kutoka mji hadi mji. Waliokumbana nayo kwanza kazini walikuwa makarani wa telegrafu wa karne ya 19, na usumbufu walioupata ulichangia sana kuzaliwa kwa elimu ya dhoruba za Jua.

Kabla ya nyaya, dalili zilionekana kwenye dira. Mwaka 1722 George Graham, fundi saa wa London, alichunguza sindano ya dira akaona kwamba haitulii: kila siku ilihama kidogo, na siku nyingine ilitikisika pasipo mpangilio. Mwaka 1741, mjini Uppsala nchini Uswidi, Olof Hiorter na Anders Celsius waligundua kwamba sindano hutikisika hivyo wakati aurora, ile mianga ya rangi ya anga za karibu na ncha za Dunia, inapotanda. Uhusiano na Jua ulijulikana baadaye. Heinrich Schwabe, mfamasia wa Dessau nchini Ujerumani, alianza mwaka 1826 kuhesabu madoa meusi ya Jua kila siku anga ilipomruhusu. Baada ya miaka 17 ya kazi hiyo alisema kwamba madoa huongezeka na kupungua kwa mzunguko wa takriban miaka kumi. Hesabu za baadaye ziliufanya uwe miaka 11. Mwaka 1852 Edward Sabine, ofisa wa jeshi la Uingereza aliyesimamia vituo vya kupima usumaku katika makoloni, alionyesha kwamba misukosuko ya dira hupanda na kushuka pamoja na madoa hayo.

Wakati huo telegrafu ilikuwa imekwisha kuenea. Huko Uingereza ilianza mwishoni mwa miaka ya 1830, ikifuata reli. Mara nyingi vituo viwili viliunganishwa kwa waya mmoja tu. Betri za tindikali zilisukuma umeme, na ardhi yenyewe ilitumika kuurudisha. Mpango huo ulipunguza gharama, lakini uliuacha waya bila kinga dhidi ya umeme unaopita ardhini. Mwaka 1847 William Barlow, mhandisi wa reli ya Midland mjini Derby, aliona sindano za mitambo yake zikigeuka bila mtu yeyote kutuma ujumbe. Alipozifuatilia mchana na usiku aligundua kwamba zina mwendo wao wa kila siku, na kwamba hucharuka usiku wa aurora. Taarifa yake ya mwaka 1849 ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa za umeme huo ndani ya mtambo uliotengenezwa na binadamu.

Dhoruba iliyobadilisha mambo ilikuja mwaka 1859. Tarehe 1 Septemba, saa 5:18 asubuhi, Richard Carrington alikuwa katika kituo chake cha kuangalia anga huko Redhill, kusini mwa London, akichora madoa ya Jua kutoka kwenye taswira iliyotupwa na darubini. Ghafla miale miwili ya mwanga mweupe mkali ilichomoza juu ya kundi kubwa la madoa. Alikimbia kumtafuta shahidi, na aliporudi kabla dakika moja haijaisha mwanga ulikuwa tayari umefifia. Baada ya dakika tano hivi ulitoweka kabisa. Richard Hodgson, aliyekuwa akitazama Jua kutoka sehemu nyingine, aliuona pia. Wakati huohuo vyombo vya kupimia usumaku huko Kew, London, viliruka kidogo, na saa 17 na nusu hivi baadaye vilivurugika vibaya. Jua liko kilomita milioni 150 kutoka hapa, kwa hiyo wingu lililofika usiku ule lilisafiri kwa zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde.

Aurora ilionekana hadi Cuba na Hawaii. Katika ofisi za telegrafu za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, ujumbe ulikatika na cheche ziliruka kwenye mitambo. Siku chache kabla, katika dhoruba iliyotangulia mwishoni mwa Agosti, Frederick Royce, karani wa Washington, alipigwa na umeme kwenye paji la uso alipokuwa akigusa mtambo. Hata hivyo, makarani wengine waliugeuza msiba huo kuwa msaada. Asubuhi ya tarehe 2 Septemba karani wa Boston alimwomba mwenzake wa Portland, katika jimbo la Maine, atenganishe betri na waya, naye akafanya hivyohivyo upande wake. Waya ulibaki bila chanzo chochote cha umeme isipokuwa ule wa dhoruba. Waliulizana mawasiliano yakoje, wakakubaliana kwamba umeme unapanda na kushuka lakini unatosha, hata kushinda betri zao. Kwa muda wa saa mbili hivi walituma ujumbe kwa nguvu iliyotoka kwenye Jua. Elias Loomis, profesa wa Marekani, alikusanya taarifa za namna hii kutoka nchi nyingi na kuzichapisha, akawaachia wanasayansi kumbukumbu wanazozitumia mpaka leo.

Ushahidi huo haukumaliza ubishi wa kama Jua ndilo chanzo cha dhoruba hizo. Carrington mwenyewe alikataa kutoa hukumu kwa tukio moja. Mwaka 1892 Lord Kelvin, akiwa rais wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha Uingereza, alikokotoa nguvu ambayo Jua lingehitaji ili kuyumbisha dira za Dunia, akakana kwamba ndilo chanzo. Hesabu yake ilichukulia kwamba Jua hutawanya nguvu hiyo pande zote kwa usawa. Mwaka 1904 Walter Maunder, mwanaastronomia wa Greenwich, alionyesha kwamba dhoruba hupenda kurudi kila baada ya siku 27, muda ule ule ambao Jua, likitazamwa kutoka Duniani, humaliza kujizungusha; basi chanzo kilikuwa mkondo mwembamba utokao sehemu fulani ya Jua. Mwaka 1958 Eugene Parker, Mmarekani, alionyesha kwa hesabu kwamba angahewa ya Jua haiwezi kutulia, bali hutanuka bila kukoma na kuwa upepo. Wahakiki waliikataa makala yake, lakini mhariri aliichapisha, na mwaka 1962 chombo cha Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kilithibitisha upepo huo.

Upepo wa Jua hufika mbali kuliko sayari zote. Mirihi haina uga sumaku wa kuizunguka yote, na chombo cha MAVEN, kilichofika huko mwaka 2014, kimepima upepo huo ukiing'oa angahewa yake kwa kiasi cha gramu 100 kila sekunde, na zaidi wakati wa dhoruba. Mshtarii na Zohali, zenye uga wenye nguvu, zina aurora zao. Mpaka ambapo upepo wa Jua hushindwa na gesi iliyo kati ya nyota ulivukwa na chombo cha Voyager 1 mwaka 2012.

Duniani, kila mtandao mpya wa nyaya umekutana na dhoruba yake. Tarehe 13 Machi 1989 gridi ya umeme ya Quebec, Kanada, ilianguka katika dakika moja na nusu, na watu milioni sita wakakosa umeme, wengi wao kwa saa tisa hivi. Mwamba mgumu wa eneo hilo haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo mkondo wa dhoruba ulifuata njia rahisi zaidi, yaani nyaya za gridi.

Pwani ya Afrika Mashariki iliingia katika historia hii mwaka 1879, waya wa telegrafu wa chini ya bahari kutoka Aden ulipofika Zanzibar. Nyaya za intaneti zilizofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009 hubeba ujumbe kwa mwanga, na mwanga hauvurugwi na usumaku. Lakini ndani yake umo waya wa shaba unaolisha umeme vikuza mawimbi vya baharini, na huo unaweza kuguswa na dhoruba. Karibu na ikweta mkondo wa ardhini huwa mdogo kuliko kaskazini. Tatizo kubwa zaidi hapa ni tabaka la juu la angahewa lenye chaji, ambalo baada ya machweo huchafuka na kuvuruga mawimbi ya setilaiti za GPS.

Leo setilaiti zilizowekwa kilomita milioni 1.5 mbele ya Dunia, upande wa Jua, hupima wingu linalokuja na kutoa onyo la kati ya dakika 15 na saa moja. Dhoruba ya Mei 2024 ilifikia daraja la juu kabisa la vipimo kwa mara ya kwanza tangu 2003. Trekta zinazoongozwa na GPS zilipoteza mwelekeo huko Marekani katikati ya msimu wa kupanda, lakini gridi kubwa za umeme zilistahimili, kwa kuwa wasimamizi wake walionywa mapema wakajiandaa.