Kisanduku Kilichobaki Fairbanks: Chimbuko la Uokoaji kwa Setilaiti

Kumbukumbu ya tarehe 10 Septemba 1982, siku ambayo watu watatu walioanguka na ndege ndogo katika milima ya British Columbia, Canada, waliokolewa kwa msaada wa setilaiti ya Kisovieti, hupita kila mwaka bila kutajwa sana, ingawa mfumo uliofaulu siku hiyo kwa mara ya kwanza, yaani Cospas-Sarsat, umekwisha kuchangia uokoaji wa watu zaidi ya 60,000. Sifa zote hupewa setilaiti, ilhali mkasa unaotajwa mara nyingi kuwa chimbuko la mfumo huu ulihusu kisanduku cha kushikika mkononi.

Tarehe 16 Oktoba 1972, ndege aina ya Cessna 310 iliyowachukua wabunge wa Marekani Hale Boggs, aliyekuwa kiongozi wa wabunge walio wengi, na Nick Begich wa Alaska, ilitoweka ikitoka Anchorage kwenda Juneau. Msako wa siku 39 haukupata hata kipande cha bati, na wapiga kura, katika uchaguzi uliofanyika wakati msako ukiendelea, waliwachagua tena wote wawili. Sheria ya Alaska ilikuwa imeanza kudai kila ndege ibebe kitoa ishara cha dharura, yaani redio ndogo inayorusha mawimbi ya kuomba msaada baada ya ajali, na rubani alipoulizwa kwa redio alijibu kwamba anacho. Wachunguzi, hata hivyo, walikikuta kifaa chake ndani ya ndege nyingine huko Fairbanks; shahidi mmoja akadai kuona kwenye mkoba wa rubani kitu kinachofanana nacho, isipokuwa kwa rangi, lakini wachunguzi waliamua kwamba ndege haikuwa na kifaa hicho, na uamuzi huo ni mgumu kuupinga.

Vifaa vya wakati huo vilisikika tu na ndege iliyopita karibu, ndiyo maana Marekani, Canada, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, licha ya Vita Baridi, zilitia saini makubaliano mwaka 1979, na setilaiti ya kwanza ikarushwa tarehe 30 Juni 1982. Setilaiti za mwanzo zilitambua mahali kwa athari ya Doppler, yaani badiliko la masafa ya mawimbi setilaiti inapokaribia na kisha kuondoka, kama honi ya gari moshi inavyobadilika likipita kituoni, kisha kituo cha ardhini kilikokotoa eneo na kuwaarifu waokoaji. Masafa ya zamani ya megahezi 121.5, yaliyojaa ishara za uongo na yasiyomtaja mwenye kifaa, yaliachwa na setilaiti mwaka 2009, yakabaki ya 406, ambayo hubeba namba ya utambulisho.

Tangu 1993 mkataba wa kimataifa wa usalama baharini unazilazimisha meli za abiria, pamoja na za mizigo za tani 300 na zaidi, zinazosafiri kimataifa kubeba kitoa ishara cha dharura. Majahazi ya mbao ya Pemba na Lamu, pamoja na mashua za wavuvi, hayaguswi na mkataba huo, na ni aibu kwamba Mombasa, yenye kituo cha kanda cha kuratibu uokoaji baharini tangu 2006, imezungukwa na vyombo vingi ambavyo nahodha wake hana cha kubonyeza mawimbi yanapomzidi. Hata aliye nacho anapaswa kukisajili, kwani namba isiyosajiliwa huwaonyesha waokoaji nchi tu, bila jina la chombo wala simu ya jamaa wa kuulizwa.